Ndimi Mbili, Mifuko Miwili: Historia ya Karatasi Zinazoshikana Bila Gundi

Mwezi huu zamu ya kuandika historia imefika kwetu, sisi wa kikundi cha kukunja karatasi. Wengi wenu mmeshaona maumbo yetu: maboksi ya rangi, nyota zenye miba, mipira ya pembe nyingi. Watu wakiyaona wanauliza maswali mawili. La kwanza, mmetumia gundi gani? La pili, vitu hivi vinasaidia nini? Swali la kwanza ni rahisi, juu gundi hakuna. Swali la pili linahitaji historia, na historia yenyewe inapita Japani, inapita Marekani, na inapita hata hapa karibu, Mombasa.

Tuanze na jina. Origami ni neno la Kijapani: oru ni kukunja, kami ni karatasi. Origami ambayo watu wengi wanaijua ni ya karatasi moja. Unakunja, unakunja, mwisho unapata ndege au chura au mashua. Sisi tunazungumzia nyingine, origami ya vipande. Hapa unakunja vipande vingi vinavyofanana, kila kimoja peke yake, halafu unaviingiza kimoja ndani ya kingine mpaka vinakuwa umbo moja. Kipande kimoja peke yake hakionyeshi kitu. Ukimpa mtu kipande kimoja atadhani ni karatasi iliyokunjwa ili itupwe.

Kipande kinachojulikana zaidi duniani kinaitwa sonobe, na tutafika kwa mwenye jina hilo. Unachukua karatasi ya mraba. Unaikunja katikati na kuifungua, kisha unaleta kingo mbili zikutane kwenye ule mstari wa katikati. Halafu unakunja kona zinazotazamana kwa mshazari na kuzichomeka ndani. Unabaki na kipande kilicholala upande, kama mraba uliosukumwa na mtu. Kipande hiki kiko na ndimi mbili, moja kila mwisho, na kiko na mifuko miwili. Ulimi wa kipande hiki unaingia kwenye mfuko wa kile, na mfuko wa hiki unapokea ulimi wa kingine. Siri yote ni hiyo. Sharti ni moja tu: vipande vyote vikunjwe kuelekea upande mmoja. Ukikunja kimoja kinyume, kitakuwa kama kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia. Kitafanana na vingine lakini hakitaingia.

Sasa tuingie kwenye historia. Mwaka 1734 kilitoka Japani kitabu kinachoitwa Ranma Zushiki. Kilikuwa kitabu cha michoro ya mapambo, yale ya mbao yanayowekwa juu ya milango. Kwenye mchoro mmoja zinaonekana karatasi zilizokunjwa: kuna korongo, kuna mashua, na kuna boksi la pande sita kama dadu. Boksi hilo linaitwa tamatebako. Kwa muda mrefu watu walipita juu ya mchoro ule bila kuuliza. Ni katika karne ya 20 ndipo watafiti wa Kijapani walipoutazama vizuri na kutambua kwamba boksi lile ni la vipande sita, kila uso karatasi yake, vimeshikana vyenyewe. Maana yake, karibu miaka 300 iliyopita, kuna mtu alikuwa tayari anajua kazi hii. Huyo mtu hakuacha jina.

Neno tamatebako linatoka kwenye hadithi ya zamani ya Japani. Mvuvi kijana, Urashima Taro, alimwokoa kobe, na kwa shukrani akapelekwa mpaka jumba la chini ya bahari. Akakaa huko muda mfupi, ndivyo alivyodhani yeye. Alipokumbuka nyumbani, binti wa mfalme wa bahari alimpa boksi na kumwonya asilifungue. Mvuvi alipofika kijijini kwao hakumjua mtu hata mmoja, na hakuna aliyemjua yeye. Kumbe miaka mia tatu ilikuwa imepita. Kwa huzuni akafungua boksi, na uzee wote ukamkamata mara moja. Sisi tuliotoka kwetu tukiwa tunabebwa mgongoni, hadithi hii haihitaji mtu wa kutufafanulia.

Wajapani walikuwa pia na kitu kinaitwa kusudama, mpira wa kutundika. Kusuri ni dawa, tama ni mpira. Zamani ilikuwa mipira ya majani na maua yenye harufu nzuri, ikitundikwa nyumbani kufukuza magonjwa. Baadaye watu wakaitengeneza kwa maua ya karatasi yaliyoshonwa kwa uzi. Kusudama ni ndugu mkubwa wa origami ya vipande. Tofauti ni uzi. Kusudama ya kushona, ukikata uzi, yote inaanguka. Origami ya vipande haina uzi wa kukata, kila kipande kinamshika jirani yake.

Hatua kubwa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huko Japani, Mitsunobu Sonobe alitumia kipande kile chenye ndimi mbili na mifuko miwili kutengeneza boksi la vipande sita. Karibu wakati huo huo, Marekani, Robert Neale alikuwa anabuni vipande vyake mwenyewe. Neale alikuwa mwalimu kwenye chuo cha theolojia New York na tena mfanya mazingaombwe. Baada ya hapo wengine wakagundua kwamba kipande cha Sonobe hakiishii kwenye boksi. Toshie Takahama alichukua vipande vitatu tu na kutengeneza umbo dogo linaloitwa kito cha Toshie. Wengine wakaenda 12, wakaenda 30, wakaenda mamia.

Jina lingine la kukumbuka ni Tomoko Fuse, aliyezaliwa Niigata mwaka 1951. Alijifunza kukunja karatasi akiwa mtoto, amelazwa hospitali. Alipokua aliandika vitabu vingi sana juu ya origami ya vipande, na ni yeye hasa aliyeifikisha kwa watu wa kawaida dunia nzima. Mtoto anayesubiri kitandani apone hana kazi ya kufanya na mikono yake. Alipewa karatasi. Mnaona kwamba kusubiri kunaanza kujitokeza kwenye hadithi hii, na kutarudi.

Kabla hatujaendelea, tufanye hesabu kidogo. Vijana wa sekondari, hii ni yenu. Kwenye umbo la sonobe, vipande vitatu vikikutana vinatengeneza kilima kidogo, piramidi. Lakini kila kipande kinashiriki kwenye vilima viwili. Kwa hiyo ukitaka kujua idadi ya vipande, zidisha idadi ya vilima mara tatu, kisha gawanya kwa mbili. Vilima vinne: 4 mara 3 ni 12, gawa kwa 2, vipande 6. Hilo ndilo boksi la Sonobe. Vilima vinane: vipande 12, unapata nyota. Vilima 20: vipande 30, unapata ule mpira wenye miba ambao kila mtu anataka kuugusa. Ukijua hesabu hii, huhitaji kitabu. Na mtu akikuambia hesabu ni ya ubaoni tu, mpe vipande 29 akamilishe mpira. Atatafuta cha 30 mpaka jioni.

Wenye akili ya hesabu hawakuishia hapo. Miaka ya 1980, Francis Ow wa Singapore alibuni kipande chembamba ambacho kinakuwa ukingo wa umbo badala ya uso wake. Ukitumia vipande sita vya namna hiyo unapata piramidi ya nyuso nne za pembetatu, lakini iko wazi, kama fremu ya dirisha. Miaka ya 1990, Thomas Hull, mwanahisabati wa Marekani, alichukua wazo hilo akatengeneza piramidi tano kwa mara moja, zote zimepitana. Vipande 6 mara 5 ni 30. Karatasi unazokata ni ndefu, upana mmoja kwa urefu tatu, kwa hiyo mraba mmoja unatoa vipande vitatu, na karatasi 10 zinatosha kazi nzima.

Umbo lenyewe wanahisabati walikuwa wamelijua tangu 1876, alipolieleza Mjerumani Edmund Hess. Lakini kulijua kwenye kitabu ni jambo moja, na kulisuka kwa mikono ni jambo lingine. Kukunja vipande si kazi ngumu. Shida ni kusuka. Piramidi ya kwanza unaifunga yote. Ya pili unaipitisha ndani ya ya kwanza kabla ya kuifunga. Ya tatu inapita ndani ya mbili, na hivyo hivyo mpaka ya tano. Ukimaliza, kila ncha inatokea kupitia dirisha la mwenzake. Hakuna piramidi iliyounganishwa na nyingine hata kwa ulimi mmoja, lakini huwezi kuitoa hata moja bila kuvunja. Ncha zote 20 zinakaa kwa nafasi sawa, kama zimepimwa na fundi. Wapenzi wa origami Uingereza waliwahi kulihesabu umbo hili kati ya kumi bora za wakati wote. Na Robert Lang, aliyekuwa mwanafizikia kabla ya kuacha kazi ili akunje karatasi, alichunguza familia ya maumbo yanayosukana namna hii akapata aina 54.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya watu wenye vitabu, vyuo na karatasi nzuri za rangi. Sasa tuje kwa watu wanaofanana na sisi.

Mwishoni mwa mwaka 1992, meli inayoitwa Najd II iliingia Mombasa ikiwa imeharibika. Ndani yake kulikuwa na Wachina wengi, karibu wote kutoka jimbo la Fujian, wakisafirishwa kwa siri kwenda Marekani. Walikwama Kenya miezi mingi. Mwaka 1993 meli nyingine, Golden Venture, ikaja kuwachukua karibu na Mombasa. Ilizunguka kusini mwa Afrika na kuvuka Atlantiki. Wengi walikuwa wamekubali deni la karibu dola 30,000 kwa wasafirishaji. Tarehe 6 Juni 1993, usiku wa manane, meli ilipanda mchanga kwenye ufuo wa Rockaway, New York. Walikuwemo watu 286. Wengi waliruka kwenye maji baridi wakijaribu kufika nchi kavu, na 10 walikufa.

Waliobaki waliomba hifadhi. Zamani, watu kama hao waliachiwa wasubiri kesi zao nje. Safari hii serikali iliamua kuwafunga, ili wengine huko nyuma wapate funzo. Zaidi ya wanaume 100 walipelekwa gereza la kaunti ya York, jimbo la Pennsylvania. Hawakuwa wamehukumiwa kwa kosa. Walikuwa wanasubiri faili. Wengine walisubiri hivyo karibu miaka minne.

Mawakili wa mji ule walijitolea kuwatetea bila malipo. Wachina hawakuwa na pesa ya kusema asante. Lakini wachache wao walijua kukunja karatasi, wakawafundisha wenzao. Karatasi walizipata kwenye magazeti ya zamani, kwenye zile karatasi za njano za mawakili, hata karatasi ya chooni. Walikunja vipande vidogo vya pembetatu, maelfu kwa maelfu. Kila pembetatu iko na ncha mbili na mifuko miwili. Ncha za moja zinaingia kwenye mifuko ya zilizo mbele yake, mstari juu ya mstari, kama matofali. Kwa njia hiyo walijenga mananasi, ndege, meli, na tai mkubwa ambaye Wamarekani wanampenda. Zawadi za kwanza zilienda kwa mawakili.

Watu wa York walipoviona vitu hivyo, walianza kuuliza: ni nani wametengeneza hivi? Na wakishajua ni nani, swali la pili likafuata lenyewe: kwa nini bado wamefungwa? Watu wa kanisa, watu wa haki za binadamu, watu ambao kwenye siasa hawakai meza moja, walisimama pamoja nje ya gereza. Vitu vya karatasi vikaonyeshwa na kuuzwa ili kusaidia kesi. Kwa jumla walitengeneza zaidi ya 10,000. Mwezi wa Februari 1997 Rais Bill Clinton aliamuru waliobaki, zaidi ya 50, waachiwe. Baadaye kazi zao zilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Wachina wa Marekani, huko New York.

Hapa tunataka kuwa makini, juu tunajua vile hadithi kama hii inaweza kupendeza kupita kiasi. Karatasi haikufungua gereza peke yake. Kabla ya siku ile ya Februari, wengi wa meli ile walikuwa wamesharudishwa China. Na hao walioachiwa, walitoka bila hati kamili za kuishi Marekani, wakaendelea hivyo miaka mingi. Walitoka na karatasi walizokunja, lakini si ile karatasi ambayo kila mkimbizi anaisubiri. Kwa hiyo asije mtu akawaambia vijana kwamba wakikunja vizuri watapelekwa nchi ya tatu. Haiko hivyo.

Basi ilisaidia nini? Sisi tunaona hivi. Mtu akiwa mkimbizi, kila siku anapokea. Anapokea posho, anapokea sabuni, anapokea tarehe ya mahojiano, anapokea jibu. Ukipokea miaka na miaka, watu wanakuona kama mfuko tu. Mwisho hata wewe unaanza kujiona hivyo. Watu wa York walikuwa wanapokea chakula cha gereza na msaada wa mawakili. Siku walipotoa tai wa karatasi, walikuwa na kitu cha kutoa, na wakili aliyekipokea alikuwa na deni kwao. Tangu siku ile hawakuwa faili tena, wakawa majirani. Kipande chenye mifuko tu hakishiki umbo. Chenye ndimi tu pia hakishiki. Lazima kitoe na kipokee.

Kuna jambo lingine linalotuuma kidogo. Kipande cha Sonobe kinaitwa kwa jina la Sonobe. Kito cha Toshie kinaitwa kwa jina la Toshie. Lakini ile njia ya pembetatu, watu wa nchi nyingi wanapoitaja wanaita kwa jina la Golden Venture. Yaani jina la meli! Ile meli iliyowasafirisha kama mizigo na kuwatupa kwenye maji baridi, ndiyo imepewa heshima ya mikono yao. Watu wakasahaulika, chombo kikakumbukwa. Na sisi tunaishi mahali ambapo mtu anatambulishwa kwa namba ya kadi, kwa jina la kambi, kwa mwaka wa kufika. Tunajua vile jina linavyopotea.

Ndiyo maana kwenye kikundi chetu tumeweka utaratibu. Tunatumia karatasi za daftari zilizoisha na karatasi zinazobaki baada ya semina. Kartoni hatutumii, ni nene, haikubali kuingia mfukoni. Kabla ya kufunga kipande, aliyekikunja anaandika jina lake upande wa ndani, na tarehe. Umbo likikamilika majina hayaonekani, lakini yamo. Mpira wa vipande 30 unaweza kuwa na majina 30: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasudani Kusini. Siku mtu akiufungua, atakuta kila mtu mahali pake.

Kwenu nyinyi wageni na wafanyakazi wa mashirika, tuko na ombi moja. Mkipenda umbo mkataka kulibeba mpaka ofisini, chukueni, tutafurahi. Lakini ulizeni kwanza ni nani amelikunja, na mkilipiga picha muandike jina lake, si jina la mradi peke yake. Na mkileta mafunzo, msiandike "burudani ya watoto" kwenye ripoti. Andikeni hesabu, juu ni hesabu.

Kwenu vijana: anza na vipande sita. Karatasi sita za mraba, zote ukubwa mmoja, zote zikunjwe upande mmoja. Kipande cha sita ndicho kinachosumbua, kwa sababu lazima kitoe ndimi zake na kupokea za wenzake kwa wakati mmoja, na nafasi imebaki ndogo. Usikivute. Legeza kidogo vile vitano, kipe nafasi, kitaingia. Halafu mfundishe mwingine, na umkumbushe aandike jina lake ndani.